Mtu wa Kiasi: Historia ya Kivumishi cha Kujizuia, kutoka Kipimo cha Nafaka hadi Tabia ya Mtu, kwa Kurejelea Katindiuka na Bonde la Kilombero

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kirai -a kiasi, ambacho katika kamusi na tafsiri kimekuwa kisawe cha kawaida cha kivumishi cha Kiingereza 'temperate'. Inaonyesha kwamba maana ya kujizuia haikukopwa pamoja na neno kiasi kutoka Kiarabu, bali ilikua ndani ya Kiswahili kutokana na maana ya kupima, kisha ikapewa nguvu na tafsiri ya Biblia na mafundisho ya maadili. Kwa kurejelea Katindiuka na Bonde la Kilombero, ambako mpunga ndio uhai wa watu, makala inadai kwamba fadhila inayotajwa kwa neno hili ni ya kipimo kinachoonekana na pande zote mbili, wala si ya nafsi inayojishika kwa siri. Tofauti hiyo ina athari kwa wafasiri, kwa waandishi wa ujumbe wa afya na kwa mkulima anayeuza mpunga wake.

1. Utangulizi

Katika Katindiuka, kata ya mji wa Ifakara mkoani Morogoro, neno kiasi lina makao mawili. Makao ya kwanza ni penye gunia. Mnunuzi huuliza, "Kiasi gani?", na muuzaji hujibu kwa debe, kwa sado au kwa kilo. Makao ya pili ni penye mawaidha, ambako wasikilizaji huhimizwa wawe watu wa kiasi katika kula, kunywa na kusema. Wasikilizaji hao ndio wale wale waliokuwa sokoni, na neno ni lile lile.

Kamusi za lugha mbili huyatenga makao hayo kwa namba za maana, kisha huendelea mbele. Hata hivyo, utengano huo hauwi rahisi kwa mtafsiri. Anapoandika "mtu wa kiasi" hutarajia msomaji aelewe mtu anayejizuia. Msomaji huyo huyo anapokutana na "uwezo wa kiasi" huelewa uwezo mdogo, na anapokutana na "kiasi kikubwa" huelewa wingi. Neno moja linataja udogo, wingi na fadhila. Swali la makala hii ni jinsi neno la kipimo lilivyofika kubeba fadhila, na ni nini kinachopotea pale fadhila hiyo inapotenganishwa na kipimo chake.

Hoja inayotetewa hapa ni hii. Kiingereza cha karne ya 20 kimezidi kuiweka fadhila ya kujizuia ndani ya mtu binafsi, yaani nafsi inajishika yenyewe. Kirai cha Kiswahili kinaiweka mahali pengine, katika mpaka unaojulikana na mtu pamoja na jirani yake. Bonde la Kilombero limechaguliwa kwa kuwa makao yote mawili ya neno yapo hapo kwa uwazi: soko la nafaka kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili misheni, shule na taasisi za afya ambazo kwa zaidi ya karne moja zimefanya kazi ya kuwaelekeza watu kwa Kiswahili. Mifano ya sentensi iliyotolewa ni ya matumizi yanayofahamika kwa mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili cha Tanzania.

2. Asili ya neno na safari yake ya kisarufi

Kiasi limetokana na Kiarabu qiyās, lenye mzizi unaohusu kupima na kulinganisha. Katika elimu ya fikihi neno hilo lina maana maalumu: ni njia ya kupata hukumu ya jambo jipya kwa kulilinganisha na jambo ambalo hukumu yake imekwisha kujulikana, na madhehebu ya Sunni huihesabu kuwa chanzo cha nne cha sheria baada ya Kurani, Suna na ijmai. Maana ya kujizuia haimo miongoni mwa maana kuu za neno hilo katika Kiarabu. Huko hutajwa kwa maneno mengine, ambayo baadhi yake, kama iktisadi, yameingia pia katika Kiswahili cha kitaalamu.

Mambo mawili yalilipata neno lilipoingia Kiswahili. La kwanza ni la kimofolojia. Silabi ya mwanzo ilichukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI, kama ilivyotokea kwa kitabu, na neno likapata upatanisho kamili: kiasi kikubwa, kiasi chake, hata wingi viasi. Kutokana na "kiasi chake" kukapatikana wazo kwamba kila kitu, na kila mtu, ana kiasi kilicho chake. La pili ni la kimaana. Kwa kuunganishwa na -a unganifu, nomino ilianza kufanya kazi ya kivumishi: bei ya kiasi, maneno ya kiasi, mtu wa kiasi. Kiswahili kina vivumishi halisi vichache, na njia hii ya kuunda sifa kwa nomino na -a unganifu ndiyo iliyokifungulia kipimo mlango wa kuwa tabia.

Safari ya namna hiyo si ya neno hili pekee. Neno cheo hapo zamani lilitaja ukubwa au kipimo cha kitu, na baadaye likawa daraja la mtu katika jamii. Kadiri na wastani nayo yametoka katika kupima na kugawa. Katika lugha za Ulaya hali ni hiyo hiyo: 'moderate' ina asili yake katika Kilatini modus, yaani kipimo, na 'temperate' katika temperare, kuchanganya vitu kwa uwiano unaofaa, kama divai na maji. Tofauti iko katika uhai wa asili hiyo. Mzungumzaji wa Kiingereza wa leo hasikii kipimo wala mchanganyiko ndani ya 'temperate', na kivumishi hicho kwake kimebaki hasa katika vitabu vya jiografia, penye ukanda wa hali ya hewa isiyo ya joto kali wala baridi kali, na katika maandishi ya kidini. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kutosikia kipimo ndani ya kiasi, kwa sababu amekitumia neno hilo hilo sokoni asubuhi.

3. Kiasi penye nafaka

Bonde la Kilombero ni tambarare la mafuriko ya msimu lililo kati ya safu ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na ukubwa wa karibu kilometa za mraba 8,000. Wenyeji wake wa tangu zamani ni pamoja na Wandamba, Wapogoro na Wambunga. Kiswahili kilifika kwa njia ya biashara ya misafara, kikaimarishwa na utawala wa Wajerumani, misheni na shule, na kikapata nguvu mpya kwa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Ifakara. Mpunga umekuwa zao linalolisha kaya na pia linalouzwa nje ya bonde.

Katika mazingira ya namna hiyo kupima si jambo dogo. Vipimo vya zamani vya nafaka katika Kiswahili vilikuwa vya ujazo: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja, ambayo kwa nafaka ilikadiriwa kuwa na uzito wa karibu kilo 2.7. Methali "haba na haba hujaza kibaba" ni kumbukumbu ya hesabu hiyo. Baadaye vyombo vya viwandani vilichukua nafasi. Debe, ambalo kwanza lilikuwa la mafuta ya taa, likawa kipimo cha nafaka nchini kote, na kopo la plastiki la rangi likazaa sado.

Kipimo cha ujazo kina udhaifu unaojulikana na kila aliyewahi kununua nafaka: kinaweza kujazwa kwa namna nyingi. Chombo kinaweza kushindiliwa, kutikiswa au kurundikwa hadi nafaka ifanye kilele juu ya mdomo wake. Kiswahili cha zamani kilikuwa na jina la kipimo kisicho na hila hiyo: pishi ya mfuto, yaani pishi iliyofutwa juu kwa mkono au kwa kijiti mpaka nafaka ikalingana na mdomo wa chombo. Mfuto una sifa tatu ambazo ni muhimu kwa hoja ya makala hii. Unajulikana kwa pande zote mbili kabla ya mauzo, unaonekana kwa macho wakati wa mauzo, na hauhitaji mtu kuchungulia moyo wa mpimaji ili ajue kama ametenda haki.

Kinyume cha mfuto katika biashara ya mazao ya leo ni lumbesa: gunia linalojazwa kupita mdomo wake, kisha likaongezewa kilemba cha nafaka au mazao mengine juu na kushonewa, huku likiuzwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340 ya Sheria za Tanzania, inataka mazao yauzwe kwa vipimo halali, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita ufungashaji wa lumbesa kwa miaka mingi. Hasara ya lumbesa humwangukia mkulima. Kwake yeye maneno "kupita kiasi" si sitiari. Yanataja mpunga wake uliokwenda bila kulipwa.

4. Kutoka chombo hadi tabia: kamusi, Biblia na katekisimu

Maana ya kujizuia ilikuwa imekwisha kukomaa kufikia wakati wa kusanifishwa kwa Kiswahili. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan ya 1903, iliweka kipimo na kujizuia chini ya kidahizo kimoja. Lakini kilichoifanya maana ya pili isikike kila wiki masikioni mwa watu wa bara ni tafsiri ya Biblia inayojulikana kama Union Version, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1950 na Biblia nzima 1952. Kazi hiyo iliunganisha mapokeo mawili ya tafsiri, la Unguja na la Mombasa, na lugha yake ikawa kielelezo cha Kiswahili cha ibada kwa Waprotestanti.

Katika tafsiri hiyo kiasi kilipewa mzigo mkubwa. Kigiriki cha Agano Jipya kina angalau familia tatu za maneno zinazohusika. Ya kwanza ni enkrateia, nguvu ya mtu juu ya tamaa zake, ambayo inafunga orodha ya matunda ya Roho katika Wagalatia 5:23. Ya pili ni sōphrosynē pamoja na vitenzi vyake, yaani utimamu wa akili unaomfanya mtu asijikweze. Ya tatu ni nēphō na nēphalios, hali ya kutolewa na divai na kuwa macho, inayotajwa katika 1 Petro 5:8. Familia zote tatu zilitafsiriwa kwa kiasi. Mahali ambapo Kigiriki kilitofautisha nguvu, akili na ulevi, Kiswahili kilitoa picha moja ya kipimo.

Inawezekana kuliita jambo hilo upungufu wa msamiati. Hata hivyo, Warumi 12:3 inaonyesha upande mwingine. Katika aya hiyo Mtume anawaonya wasomaji wasijifikirie kupita inavyowapasa, na anatumia kitenzi cha utimamu wa akili, kisha anasema Mungu amemgawia kila mtu metron, kipimo, cha imani. Maneno hayo mawili ya Kigiriki hayana uhusiano wa kimzizi. Union Version ilitumia kiasi mara mbili, mara moja kwa nia na mara moja kwa imani iliyogawiwa. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiswahili anaona moja kwa moja uhusiano ambao msomaji wa Kigiriki hana budi kuufikia kwa kufikiri: kuwa na nia ya kiasi ni kujua kiasi ulichopimiwa. Hapa tafsiri imeongeza mshikamano wa hoja badala ya kuupunguza.

Kwa upande wa Kanisa Katoliki, ambalo lina mizizi mirefu katika Bonde la Kilombero, njia ilikuwa tofauti kidogo. Wabenediktini walianzisha misheni ya Kwiro huko Mahenge mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi yao iliendelezwa na Wakapuchini wa Uswisi, na mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo linalojitegemea. Katika mafundisho ya Kikatoliki kwa Kiswahili, fadhila nne kuu za kibinadamu huitwa maadili bawaba, nazo ni busara, haki, nguvu na kiasi. Neno bawaba linafasiri vizuri wazo la Kilatini la cardo, kitu ambacho mlango huzungukia. Kiasi hapa kinasimama kwa temperantia, fadhila ambayo Thomas wa Akwino aliihusisha na kuongoza kwa akili starehe za mwili, hasa za chakula, kinywaji na unyumba.

Nyuma ya Thomas yuko Aristotle, na kwake kuna tofauti ambayo Kiswahili kinaieleza kwa urahisi wa pekee. Katika kitabu cha pili cha maadili yake anatenga kati ya namna mbili. Moja ni ya kihesabu, kama sita ilivyo katikati ya mbili na kumi, nayo ni sawa kwa watu wote. Nyingine ni ya kadiri yetu: chakula kinachomfaa Milo, mpiga mieleka mashuhuri, si kile kinachomfaa anayeanza mazoezi. Kiswahili cha leo kina maneno mawili kwa mambo hayo mawili. Kati ya kihesabu ni wastani, neno ambalo shule na takwimu zimelichukua moja kwa moja. Kati ya kadiri ya mtu ni kiasi. Mavuno ya wastani hupatikana kwa kugawa jumla kwa idadi ya wakulima, ilhali kiasi cha mkulima fulani hupatikana kwa kujua shamba lake, watu wake na maji yake. Ndiyo maana "mtu wa wastani" hutaja mtu wa kawaida, asiye mrefu wala mfupi, asiye tajiri wala maskini, na hakuna anayelisikia kuwa sifa ya maadili.

5. Kileo, sheria na mabadiliko ya Kiingereza

Wakati kiasi kilipokuwa kikipanda hadhi katika Kiswahili cha dini, kisawe chake cha Kiingereza kilikuwa kikiporomoka. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ilitumia 'temperance' kwa tunda la mwisho katika Wagalatia 5:23. Tafsiri ya Revised Standard Version ya 1946 ililiacha neno hilo na kutumia istilahi yenye maana ya mtu kujitawala. Sababu moja inafahamika. Katika karne ya 19 vyama vya Uingereza na Marekani vya kupinga ulevi vililichukua neno hilo kuwa jina lao, na vingi vikahama kutoka kuhimiza kunywa kidogo hadi kudai kutokunywa kabisa. Neno la kadiri likawa neno la katazo, na wafasiri wakalazimika kutafuta jingine.

Historia hiyo iligusa Afrika Mashariki kwa njia ya sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliweka eneo la Afrika, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ambamo biashara ya pombe kali ilizuiwa au kutozwa ushuru, na mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaendeleza mwelekeo huo. Makatazo hayo yalilengwa kwa wenyeji, huku nafasi ikiachwa kwa wageni kujipatia vinywaji vyao. Kwa hiyo, katika lugha ya utawala, kujizuia hakukuwa fadhila ambayo kila mtu alipimiwa kadiri yake. Wengine walizuiwa na wengine waliaminiwa. Justin Willis, katika utafiti wake wa historia ya pombe katika Afrika Mashariki uliochapishwa 2002, ameonyesha jinsi kileo kilivyofungamana na mamlaka: swali la nani anywe, kiasi gani, na kwa idhini ya nani, lilikuwa swali la uwezo wa kutawala wengine.

Katika Tanzania ya leo kuna ushahidi mwingine wa uhusiano huo. Matangazo ya bia humtaka mnywaji anywe "kistaarabu". Mtu angetarajia "kwa kiasi", maneno yaliyo tayari katika lugha na katika mafundisho ya dini. Uteuzi wa kistaarabu unahamisha kigezo. Ustaarabu, neno ambalo asili yake inatokana na kufanana na Waarabu na ambalo kwa muda mrefu pwani limetaja adabu za watu wa mji, hauna mdomo wa chombo unaoweza kufutwa. Mnywaji wa kistaarabu hutambuliwa kwa mwenendo wake mbele za watu, hata kama chupa zake ni nyingi. Mnywaji wa kiasi hutambuliwa kwa chupa. Muuzaji wa bia ana sababu nzuri ya kupendelea neno la kwanza, na mhudumu wa afya ana sababu nzuri ya kushikilia la pili.

Lugha ya afya katika Ifakara inatoa ulinganisho unaofaa. Mji huo umekuwa kituo cha utafiti wa magonjwa ya kitropiki tangu 1957, Rudolf Geigy alipoanzisha maabara ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga uliuza bidhaa yake kwa jina la Zuia Mbu. Kitenzi zuia kinamtaja adui aliye nje na kizuizi kilicho kati yake na mtu. Kinapopewa kiambishi cha kujirejea na kuwa kujizuia, adui anahamishiwa ndani: mtu anakuwa mbu na chandarua kwa wakati mmoja. Baadhi ya tafsiri za Biblia kwa Kiswahili zimechagua kujizuia mahali pa kiasi, na kwa kufanya hivyo zimekaribia Kiingereza cha 1946. Ni uteuzi ulio wazi kwa maana, lakini unabadilisha picha. Kujizuia ni mapambano ya mtu mmoja. Kiasi ni makubaliano juu ya mpaka.

6. Matumizi ya kila siku

Katika mazungumzo ya kawaida, maana za kiasi hugawanyika kwa kufuata mazingira ya kisarufi. Mifano ifuatayo inaonyesha mgawanyiko huo.

(1) a. Nipimie kiasi hiki hiki, mama.
b. Bei yake ni ya kiasi.
c. Shamba ni kubwa kiasi.
d. Mgonjwa ana nafuu kiasi.

(2) a. Mzee yule ni mtu wa kiasi.
b. Ni fundi wa kiasi tu.

(3) a. Anakunywa kiasi.
b. Anakunywa kwa kiasi.

(4) a. Hana kiasi.
b. Amepita kiasi.
c. Kila kitu kina kiasi chake.

Katika (1a) kiasi ni nomino ya kipimo. Katika (1b) ni sifa ya kitu, nayo humaanisha bei isiyoumiza. Katika (1c) na (1d) neno limekuwa kielezi kinachopunguza nguvu ya kinachotangulia: shamba si kubwa sana, na mgonjwa hajapona. Matumizi haya ya mwisho yameenea mno, na ndiyo yanayokibana kiasi cha maadili. Sentensi (2a) ni sifa njema, lakini (2b), yenye muundo ule ule pamoja na tu, ni dharau. Sentensi (3a) huweza kueleweka kuwa mtu anakunywa kidogo, au kwamba si haba anavyokunywa, ilhali (3b), kwa msaada wa kihusishi kwa, hurudisha wazo la kipimo kinachofuatwa.

Jambo la kuzingatia zaidi liko katika (4). Penye ukanushi, utata wote hutoweka. Hakuna anayeielewa (4a) kuwa mtu huyo hana wingi fulani. Kila mtu huielewa kuwa lawama juu ya tabia, na ni lawama nzito. Vivyo hivyo, kitenzi pita katika (4b) kinakifanya kiasi kuwa mpaka wenye pande mbili, na anayeupita huonekana akiupita. Kwa maneno mengine, maana ya maadili imedhoofika katika uyakinishi na kubaki imara katika ukanushi. Watu hawamsifu mara kwa mara aliye na kiasi, lakini hutambua mara moja aliyekikosa. Methali "ngoma ikivuma sana hupasuka" inafuata mantiki hiyo hiyo: haielezi ngoma inavyopaswa kulia, bali inataja kinachotokea mpaka ukivukwa.

Ushahidi huu wa kisarufi unaunga mkono hoja ya kihistoria. Ikiwa kiasi kingekuwa hali ya ndani ya nafsi, kingetarajiwa kuelezwa kwa urahisi katika uyakinishi, kama upole au subira. Kinaelezwa vizuri zaidi katika ukanushi kwa sababu kipimo huonekana hasa pale kinapovunjwa, kama gunia linavyoonekana limepita mdomo.

7. Nani ameshika kipimo?

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba fadhila ya kipimo ni salama kwa kila mtu. Kauli "jua kiasi chako" huelekezwa kwa mdogo mbele ya mkubwa, kwa mke mbele ya shemeji zake, kwa mtumishi mbele ya tajiri. Hapo kiasi hakitaji tena kadiri ya chakula au kinywaji, bali nafasi ambayo mtu hapaswi kuivuka. Neno limerudi karibu na jirani yake wa zamani, cheo. Historia ya makatazo ya pombe wakati wa ukoloni inafanana na kauli hiyo: mpimaji alikuwa mmoja, na mpimiwa hakuulizwa.

Hata hivyo, lugha yenyewe ina nyenzo za kujibu. Kama kiasi ni kipimo, basi swali la nani ameshika chombo, na kama chombo hicho ni cha mfuto, ni swali halali. Mkulima wa Katindiuka anayekataa gunia lake lijazwe lumbesa hadai jambo geni. Anamdai mnunuzi awe mtu wa kiasi, kwa maana ya kale na ya mpya kwa pamoja. Wito wa kujizuia haumpi nyenzo hiyo, kwa kuwa kujizuia kwa mnunuzi ni siri ya mnunuzi. Wito wa kiasi unaweza kupelekwa kwenye mizani.

8. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba -a kiasi ilianza na chombo cha kupimia, ikapata umbo la kivumishi kwa msaada wa ngeli ya KI-VI na -a unganifu, na ikabebeshwa fadhila na wafasiri na walimu wa dini bila kuachana na chombo hicho. Kivumishi cha Kiingereza 'temperate' kilianza na kuchanganya kwa uwiano na kuishia kuwa neno la hali ya hewa, huku mahali pake katika maadili pakichukuliwa na nafsi inayojitawala. Visawe hivi viwili vilikutana katikati ya safari zao, kisha vikaachana.

Kwa mtafsiri, hitimisho hilo lina maana ya vitendo. Penye maandishi yanayozungumzia mapambano ya ndani ya mtu, kujizuia kunaweza kufaa. Penye maandishi yanayozungumzia haki kati ya watu, ugawaji, ulaji na unywaji unaowagusa wengine, kiasi kina nguvu ambayo kisawe kipya hakina, mradi kipewe muundo unaokilinda: kwa kiasi badala ya kiasi peke yake, na kupita kiasi pale panapohitajika onyo. Kwa wanaoandika ujumbe wa afya, uteuzi kati ya kistaarabu na kwa kiasi ni uteuzi kati ya kumpima mtu kwa mwenendo wake na kumpima kwa alichokunywa. Na kwa wanafunzi wa historia ya maana, neno hili linabaki kuwa ushahidi kwamba msamiati wa maadili ya Kiswahili haukuundwa mimbarini peke yake. Sehemu yake iliundwa mbele ya pishi, na mtu aliyeinamia nafaka akiifuta kwa mkono mbele ya macho ya mwenzake.